KINA CHA BAHARI KAMA MSUKO: UHAKIKI MFUPI WA MCHEZO WA SUBNAUTICA

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakashangaa kuona mchezo wa kompyuta ukihakikiwa katika kijarida cha idara ya Kiswahili. Hatuoni ajabu. Wengi wa wanafunzi wetu wanaifahamu michezo hii kuliko wanavyozifahamu riwaya tunazowasomesha, na mingi kati yake inasimulia hadithi. Palipo na hadithi, mhakiki ana kazi.

Swali linalotushughulisha ni la msuko. Katika riwaya, mwandishi ndiye anayepanga kipi kitangulie na kipi kifuate. Katika michezo ya kunusurika yenye ulimwengu wazi, mchezaji huachwa aende atakako. Je, hadithi itasonga mbele vipi ikiwa mhusika mkuu anaweza kuipa kisogo? Akiachiwa kila kitu, atachoka kwa kukosa lengo. Akishikwa mkono kila hatua, uhuru wake utabaki kuwa jina tu.

Subnautica, kazi ya kampuni ya Unknown Worlds Entertainment ya Marekani, ilitolewa rasmi mwaka 2018, baada ya kuchezwa tangu mwaka 2014 ikiwa bado inaundwa. Mhusika wake ananusurika katika ajali ya meli ya angani iitwayo Aurora, na kujikuta peke yake katika bahari ya sayari ngeni. Ramani hana. Mwanzoni, akipiga mbizi, pumzi yake ni ya sekunde 45 tu. Anaokota madini na kuunda mtungi wa hewa, sekunde zinaongezeka. Baadaye anaunda nyambizi ndogo, Seamoth, ambayo huanza kupondwa na shinikizo la maji ikipita mita 200. Akiiboresha hatua kwa hatua, itastahimili mita 300, kisha 500, hatimaye 900. Kila kina ni kama sura mpya: viumbe wengine, giza jingine, fununu nyingine. Hata hivyo, hakuna ukuta unaomzuia. Anayetaka kushuka kabla ya wakati wake anaruhusiwa, na mapafu yake ndiyo yatakayomfundisha. Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Hapa ndipo penye hoja yetu. Madarasani tumezoea kufundisha mandhari kama mahali na wakati wa matukio, karibu sawa na pazia lililotundikwa nyuma ya waigizaji. Katika mchezo huu mandhari ndiyo inayobeba msuko. Bahari yenyewe inapanga kipi kitangulie, na mchezaji hahisi kuamriwa na mtu.

Tuchukue tukio moja. Kupitia redio, meli nyingine, Sunbeam, inaahidi kuja kumwokoa na kumtajia mahali pa kukutana. Mchezaji aliyekwenda ufukweni kuipokea anaishuhudia ikilipuliwa angani na silaha iliyojengwa papo hapo kisiwani. Hakuna aliyemlazimisha kwenda. Alikwenda kwa kuwa alitamani kuokolewa. Tangu hapo anatambua kuwa hataondoka bila kuielewa silaha ile, na jibu liko chini zaidi. Taharuki ya namna hii imejengwa kwa ustadi.

Tulinganishe na Valheim, mchezo wa Iron Gate ya Uswidi uliotoka mwaka 2021. Humo mchezaji anaweza kufika mapema kwenye vinamasi vyenye chuma, lakini mapango yanayokihifadhi yamefungwa mpaka amuue jitu la msituni lenye ufunguo. Hapo tunauona mkono wa mtunzi waziwazi. Lakini mchezo huohuo, kwa kanuni zake za kawaida, hauruhusu madini kupitishwa katika milango ya kichawi ya kawaida, hivyo mara nyingi chuma husafirishwa kwa mashua, mawimbi na maadui wakiwa njiani. Sharti la kwanza linamsimamisha mchezaji. La pili linampa safari.

Subnautica nayo haikosi dosari. Michoro ya kuundia vyombo muhimu hupatikana kwa kukagua mabaki ya mashine yaliyotawanyika baharini. Mchezaji aliyepitwa na kipande kimoja anaweza kuzunguka kwa saa nyingi bila kujua amekwama kwa nini. Kushindwa kwa sababu ya shinikizo la maji kunaeleweka. Kushindwa kwa sababu ya kipande kilichofichwa nyuma ya jabali hakumfundishi mtu chochote. Katika sehemu hizo uhuru unageuka kuwa upotevu.

Pamoja na hayo, tunaiona kuwa kazi iliyokomaa. Imetuonyesha kwamba kizuizi si lazima kiwe adui wa uhuru, mradi kitokane na ulimwengu wa hadithi na mchezaji akione, akielewe na akitafutie dawa. Wanafunzi wanaotaka kuhakiki michezo ya aina hii waanze na swali hilohilo: ni nini kinachomzuia mhusika, na je, anaelewa kwa nini?