Wasifu wa Marehemu na Baba Asiyeonekana Ndani Yake

Katika nchi yetu hakuna maandishi yanayosikilizwa kwa makini kama wasifu wa marehemu. Mwandishi wa riwaya huweza kungoja miaka mingi kabla hajapata wasomaji mia tatu. Lakini karatasi moja iliyoandikwa usiku wa matanga, na kijana ambaye hajalala siku mbili, husomwa kesho yake mbele ya watu mia tatu walionyamaza kimya, na kila neno lake hushikwa. Pamoja na hayo sijapata kumwona mhakiki akiigusa. Tunahakiki tamthilia na mashairi, tunahakiki hata taarabu na dansi, ila utungo huu tunauacha upite kana kwamba hauna mwandishi.

Mimi nimeona nyingi. Nimekuwa mwalimu kwa zaidi ya miaka thelathini, shuleni na kisha katika chuo cha ualimu, na watu wa mtaani kwangu wamezoea kuniletea karatasi hizo usiku ili nizinyooshe Kiswahili. Nyingi zilikuwa za akina baba. Basi naona si vibaya kuzitazama kama tunavyotazama utungo wowote mwingine, ijapokuwa najua wako watakaosema kwamba kuhakiki kilio cha mwenzako ni utovu wa adabu.

Umbo lake msomaji analijua. Marehemu alizaliwa mwaka fulani katika kijiji fulani, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Alibatizwa, au alipelekwa chuoni kusoma Kurani. Aliandikishwa shule. Aliajiriwa, alihamishiwa Dodoma, alipandishwa cheo, alistaafishwa. Alianza kusumbuliwa na maradhi, alilazwa, alihamishwa kutoka hospitali ya wilaya kwenda ya mkoa, hata tarehe fulani saa kumi alfajiri akafariki dunia. Ameacha mjane, watoto sita na wajukuu kumi na wanne. Tulimpenda, lakini Mungu amempenda zaidi.

Sasa mwalimu wa lugha atazame vitenzi. Alizaliwa, alibatizwa, aliandikishwa, aliajiriwa, alihamishwa, alistaafishwa, alilazwa. Karibu vyote ni vya kutendwa. Huyu mtu aliishi miaka sabini na mitano, na katika karatasi nzima hakutenda jambo hata moja ila kufa! Waliotenda ni ofisi. Umbo hili halikutoka kwenye utenzi wala kwenye masimulizi ya wazee. Limetoka kwenye faili la utumishi. Ndiyo maana baba aliyekuwa karani hupata ukurasa mzima, na baba aliyelima mihogo maisha yake yote hupata mistari minne, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumhamisha.

Fungu la ugonjwa nalo huwa refu kupita mengine. Hili silaumu sana. Mwandishi ametoka kumwuguza, na yaliyo karibu ndiyo yanayoonekana. Lakini matokeo yake ni kwamba tunaondoka makaburini tukijua vizuri figo za marehemu kuliko mikono yake.

Kisha huja sifa: marehemu alikuwa mcheshi, mchapakazi, mpenda watu, mshauri mwema. Wanafunzi wangu niliwapa jaribio dogo la kupima sifa katika insha: ondoa jina la mtu huyu, weka la jirani yake, uone kama sentensi itakataa. Ikiwa haikukataa, haijamsema mtu yeyote. Sifa za wasifu hazikatai kamwe. Nimewahi kuletewa karatasi mbili katika mwezi mmoja, za wazee wawili waliokuwa hawapatani hata kidogo, na zote mbili zilisema marehemu "hakuwa na makuu".

Kwa nini iwe hivi katika lugha yenye utajiri wa maneno kama hii yetu? Nadhani sababu moja iko ndani ya adabu yenyewe. Tazama fasihi yetu iliyoandikwa. Mzazi kusema na mwana tunayo tele. Shaaban Robert alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Alimlilia mkewe katika shairi la "Amina" ambalo vizazi vya wanafunzi vimelisoma. Lakini mwana kusema juu ya baba yake, kwa kirefu, kwa maneno yake mwenyewe? Hapo rafu ya vitabu inakuwa na nafasi nyingi. Kwetu mtoto huamkia, hupokea mzigo, hupisha kiti, hunyamaza mkubwa anaposema. Heshima yake iko mwilini. Kumweleza baba jinsi alivyo ni kama kumpa alama, na nani amempa mtoto kalamu nyekundu? Kwa hiyo maneno huwekwa. Yanawekwa miaka arobaini, na siku yanapotakiwa kutoka, mwenye kusikiliza hayupo, na aliyeyaweka hajawahi kuyatumia hata mara moja. Anashika lile umbo la ofisini kwa sababu ndilo lililo karibu.

Iko hata hivyo sehemu moja ya zamani ambayo huwaonyesha watu, nao hushangaa. Ni katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa yapata mwaka 1858. Tumeuzoea kama mawaidha ya mama kwa binti juu ya kumtii mume, na kwa jambo hilo umesifiwa na umelaumiwa vya kutosha. Lakini Mwana Kupona alikuwa mjane wa Bwana Mataka, kiongozi wa Siyu aliyepambana na majeshi ya Sultani Seyyid Said wa Zanzibar, na binti anayeambiwa alikuwa mtoto wa Mataka huyo. Katika beti chache mama anamwambia mtoto habari za baba yake. Mtu angetazamia vita, mizinga, ushindi. Hakuna. Anasema kwamba tangu kuozwa kwake walikaa kwa furaha na kicheko, wakitunziana heshima. Kwamba haikupita siku moja ya kuteta. Na kwamba mauti yalipomfikia, alimkariria mkewe radhi zake. Basi. Vita vya Siyu binti angevisikia kwa kila mtu. Kicheko cha ndani ya nyumba kilikuwa na shahidi mmoja tu, naye alikuwa mgonjwa. Mwana Kupona alichagua kusema kile ambacho kingepotea naye, na kwa maoni yangu huo ndio uchaguzi ambao mwandishi wa wasifu hukosa kuufanya.

Mfano wa pili nilioutumia darasani ni hotuba ya Antonio juu ya maiti ya Kaizari, katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963 na ambayo aliirekebisha na kuitoa tena mwaka 1969. Antonio hasemi tu kwamba Kaizari alikuwa mkarimu. Anawakumbusha watu taji lililokataliwa mara tatu. Anainua joho lenye matundu, anataja jioni ambayo Kaizari alilivaa kwa mara ya kwanza, ndani ya hema, siku alipowashinda Wanervi. Kisha anatoa wasia: kila raia drakma sabini na tano. Mji mzima unawaka moto kwa sababu ya nguo na hesabu.

Hata hivyo niliwaonya wanafunzi, na naonya tena. Waliosoma historia wanajua kwamba vita vya Wanervi vilipiganwa mwaka 57 kabla ya Kristo, na Antonio alijiunga na Kaizari huko Galia miaka mitatu baadaye. Jioni ile anayoikumbuka, katika historia hakuwapo. Wala hakuwapo wakati wa kuchomwa visu, lakini anajua tundu lipi ni la nani! Jambo dogo lenye umbo na rangi huaminika haraka kuliko sifa kubwa, na kwa sababu hiyo ni rahisi kudanganya kwalo. Nimewahi kuona wasifu uliompa baba kisa kizuri sana cha kumwokoa mtoto mtoni. Wazee wa kijijini walitazamana. Mto wenyewe hukauka kuanzia Juni hata Novemba, na kisa kilikuwa cha Agosti.

Lakini madhara makubwa niliyoyaona hayakuletwa na uongo. Yaliletwa na umbo. Miaka kadhaa iliyopita alifariki fundi baiskeli mmoja mtaani petu. Yeye na mkewe hawakuzaa. Kaka yake alipofariki, huyu fundi aliwachukua watoto watano wa marehemu, mdogo wao akiwa bado anabebwa mgongoni, akawalea, akawasomesha kwa pesa za kuziba pancha na kunyoosha rimu. Wote ni watu wazima sasa. Mmoja ni muuguzi, mwingine dereva wa basi. Siku ya maziko karatasi ilisomwa na mmoja wao. Haikuandikwa naye, iliandikwa na kamati, na ilifuata umbo. Ilipofika mahali pa watoto ilisema: marehemu hakubahatika kupata mtoto. Ameacha mjane.

Kijana alisoma sentensi ile kwa sauti yake mwenyewe, akasita, akaendelea na saa ya mazishi. Mimi nilikuwa safu ya tatu. Dada yake muuguzi alikuwa ameinama, akikunja na kukunjua leso.

Tena haikuishia hapo. Ulipofika wakati wa kikao cha ukoo juu ya nyumba ya marehemu, jamaa mmoja wa mbali alisimama akasema kwamba hao watano hawahusiki, kwani wasifu umesomwa mbele ya watu na mbele ya mchungaji kwamba marehemu hakuwa na watoto, na hakuna aliyepinga. Karatasi ya mwandishi asiye na jina ikawa ushahidi. Ilichukua vikao vitatu na hasira nyingi kabla wazee hawajaikubali hoja kwamba watano wale ni watoto wa nyumba ile.

Na ajabu ni kwamba lugha ilikuwa imekwisha kulimaliza jambo hili zamani. Kwa Kiswahili ndugu wa baba ni baba: mkubwa wake ni baba mkubwa, mdogo wake ni baba mdogo. Watoto wale hawakuwahi kumwita fundi yule vingine ila "baba". Fomu za ofisini ndizo zinazouliza idadi ya watoto wa kuzaa, kwa ajili ya mafao na bima, nazo zina haki ya kuuliza. Jeneza halidai mafao. Ningeulizwa, fungu lile lingesema: alimpoteza kaka yake, akawa baba wa watu watano, na majina yao matano yangefuata.

Niseme neno juu ya wale wanaonijibu kwamba dawa ni kuwasifu akina baba wakiwa hai, kama wafanyavyo Wamarekani kwa Siku ya Baba, Jumapili ya tatu ya Juni, ambayo sasa huletwa kwetu kwa simu. Siipingi. Ila asili yake inafundisha kuliko kadi zake. Ilianza katika mji wa Spokane tarehe 19 Juni 1910, kwa juhudi za mwanamke aitwaye Sonora Smart Dodd, na hakuwa akiwafikiria akina baba wote wa dunia. Alimfikiria mmoja: baba yake, askari wa zamani wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliyebaki na watoto sita mkewe alipofariki. Hata kufikia mwaka 1972, Rais Nixon alipoitia sahihi kuwa sikukuu ya taifa, yule mmoja alikuwa amekwisha kuwa "baba bora duniani", maneno ambayo kila mtu hutumiwa na hayamkatai yeyote. Jaribio langu la jirani linafaa hapo pia.

Wasifu mzuri upo. Nautaja mmoja, wa mlinzi wa usiku wa ghala la chama cha ushirika, ulioandikwa na binti yake aliyeishia darasa la saba. Mwaka wa kuzaliwa haukuwamo kwa sababu haukujulikana. Uliandikwa kwamba alirudi nyumbani alfajiri, na kabla ya kulala aliwaamsha watoto kwa kuwawekea nyayoni tochi ya chuma yenye baridi ya usiku kucha. Kwamba stakabadhi za karo alizihifadhi ndani ya kopo, na kila mtoto alipomaliza shule alikabidhiwa za kwake. Kwamba alikuwa mkali, na fimbo yake mara nyingine ilimpata asiyekosa. Wakubwa walimsamehe, mmoja hakuwahi, naye amekuja leo. Nilipoletewa karatasi ile, jamaa walitaka niiondoe sentensi ya fimbo. Nilisahihisha tahajia ya maneno mawili nikairudisha kama ilivyo, na binti akaamua kuisoma yote. Ilichukua dakika nne. Huyo mmoja alikuwa amesimama nyuma, karibu na mwembe, na wakati wa kutia udongo alitangulia.

Dakika nne si nyingi. Siku hizi mshereheshaji hutangaza kwamba muda umetubana, wasifu ufupishwe, kisha husoma salamu za rambirambi kutoka ofisi kumi na mbili, kila moja ikianza na cheo cha aliyeituma. Kamati ikitaka kupunguza kitu, ianze na hizo.