Sauti nayo inaombwa
Juzi kwenye arusi, hapa Mulongwe, DJ alipiga rumba ambayo hakuna aliyeijua. Sauti tuliijua wote: ya mwimbaji mkubwa wa Kinshasa aliyekufa zamani. Mama mumoja akauliza: "Huyu si tulishamulilia?" DJ akacheka: "Ni mashine, mama." Watu wakaendelea kucheza. Mi nikakaa.

Nianze na wimbo wenyewe. Sauti ilikuwa sawa kabisa. Lakini mwimbaji wa rumba huvuta pumzi, huchelewa kidogo nyuma ya gitaa, na sebene ikifika anawaachia wapiga gitaa njia. Humu hakuna aliyemngoja mwenzake. Lakini hata ungekuwa wimbo mzuri, swali lingebaki: nani alitoa ruhusa?

Nilisomea kilimo. Ukikata kipande cha mti wa muhogo kwa jirani ukakipanda kwako, utavuna muhogo uleule, na wa jirani bado umesimama. Mashine inafanya hivyo na sauti. Ila kwetu kipande kinaombwa; hakikatwi usiku.

Sheria yetu ya haki za watunzi ni ya tarehe 5 Aprili 1986, wakati wa kaseti. Inalinda mtunzi kwa kazi yake, na mwimbaji kwa kile alichoimba. Mwenye mashine atajitetea: "Sikunakili wimbo wenu, nimetoa mupya." SOCODA, shirika la haki za watunzi lililoundwa 2011, litamdai malipo ya wimbo gani? Kule Marekani, jimbo la Tennessee lilipitisha sheria mwezi wa tatu 2024: sauti ni mali ya mwenyewe, hata ikiigwa na mashine, na akifa warithi wanalindwa. Tena ni sauti ya kila mtu, si ya staa tu.

Wenzangu wananiambia: "Kuiga ndiyo shule ya rumba. Vijana wangapi walianza kwa kumuiga Tabu Ley?" Kweli. Lakini kijana huyo alitumia koo lake mwenyewe, na tulijua ni yeye anayeimba.

Wenye majina makubwa watapata maavoka. Mimi namfikiria dada wa kwaya ambaye sauti yake inajulikana toka Kavimvira mpaka Makobola kwa video za simu. Siku sauti hiyo itamsifu mgombea asiyemjua, atalalamika wapi, na kwa kifungu gani? Kode ya numeriki ya 2023 tayari inagusa data za mtu binafsi. Tuongeze humo wazi: sauti na sura ni za mwenyewe, anayezitaka aombe kwa maandishi, na wimbo wa mashine utangazwe kuwa wa mashine. Ninyi mliosomea sheria, andikeni pendekezo, sisi tutatia sahihi.

DJ wa siku ile si mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sauti ina mwenyewe.