Mazimbu Ipi? Namna ya Kupima Alama za Data

Ukitaka kupima alama za data za makala yoyote ya mtandaoni inayohusu Mazimbu, anza na latitudo. Inapaswa kuwa karibu na -6.8, na ile alama ya kutoa iwepo. Ikikosekana, mashine itaivusha Mazimbu ikweta na kuiweka kusini mwa Ethiopia, jirani na mji wa Sodo. Msomaji hataona kasoro yoyote, maana makala yenyewe inasomeka vizuri. Mimi huanzia hapo kwa sababu aliyeihakiki namba hiyo mara nyingi amehakiki na mengine ambayo hakuna wa kumsifia.

Alama hizi ni maelezo yanayokaa ndani ya ukurasa, siku hizi aghalabu kwa muundo wa JSON-LD, yakiieleza mashine kwamba hii ni makala, mwandishi ni fulani, ilitoka siku fulani, inahusu mahali fulani. Msamiati wake, schema.org, ulizinduliwa Juni 2011 na Google, Bing na Yahoo. Haziupandishi ukurasa juu kwa nguvu zake zenyewe. Zinausaidia ueleweke, na ustahili kuonyeshwa kwa picha, tarehe au maelezo ya ziada kwenye matokeo ya utafutaji. Anayekuuzia alama kwa ahadi ya nafasi ya kwanza, mkwepe.

Kipimo kikubwa ni utambulisho. Mazimbu ipi? Ipo kata ya Manispaa ya Morogoro. Ilikuwapo shule ya ANC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini, iliyoanzishwa mwaka 1978 kwenye ardhi iliyotolewa na serikali ya Tanzania, ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, kisha ikakabidhiwa Tanzania mwaka 1992. Na ipo Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, iliyorithi majengo yale. Fundi mvivu huyarundika haya yote chini ya jina moja. Fundi hodari humwandika Mahlangu kama mtu, shule kama taasisi yenye mwaka wa kuanza na mwaka wa kufungwa, kampasi kama taasisi iliyo hai, na kata kama mahali. Kisha kila kimoja anakipa kiungo cha sameAs, yaani "ni kilekile", kinachokwenda kwenye rekodi yake katika hifadhidata ya Wikidata, kama ipo. Ndugu anayetafuta kaburi la mpigania uhuru aliyezikwa Mazimbu hastahili kuletewa fomu za kujiunga na chuo. Kwangu, hapa ndipo kazi nzuri na mbaya zinapoachana kabisa.

Tazama na saa. Tangazo la hafla pale kampasi litasema saa 2 asubuhi, na kila mtu Morogoro ataelewa. Ndani ya alama lazima isomeke 08:00 ikifuatwa na +03:00. Ukikuta 02:00, mwandishi amenakili tarakimu bila kufikiri, na mashine itatangaza hafla ya saa 8 usiku. Tarehe nayo itangulize mwaka: 1979-04-06, ili Mmarekani asiisome kuwa Juni. Lugha iwe sw. Violezo vingi huja na en, na makala ya Kiswahili sanifu hubaki imesajiliwa kuwa ya Kiingereza kwa sababu hakuna aliyeibadilisha.

Usivutiwe na wingi. Mistari mitano ya kweli inashinda arobaini ya kujaza. Sharti la Google ni kwamba kinachotajwa kwenye alama kionekane pia na msomaji, na ni sharti la haki. Nyota ambazo taasisi inajipachika kwenye tovuti yake yenyewe, Google iliacha kuzionyesha tangu 2019. Maswali na majibu ya kubandika nayo iliyabana mwaka 2023. Bado utayakuta, na yakikutana na jicho lako yahesabu kuwa doa.

Vipimo vya mtandaoni vitakamata koma iliyosahaulika na alama za nukuu zilizopinda zilizotoka kwenye simu. Ukweli haviwezi kuupima. Kwa hiyo, kabla ya kuziidhinisha alama za data, kaa na mwenyeji wa Mazimbu, mzee anayeikumbuka shule ile ilipokuwa katika ubora wake, umsomee mstari kwa mstari kwa lugha ya kawaida: hii inasema shule ilifungwa mwaka huu, hii inasema makaburi yako hapa. Sivyo, mzee?