Hadithi Isigeuke Amri: Uhakiki wa Lugha ya Hadithi za Kijamii kwa Watoto wa Awali Wenye Usonji

Makala haya yanahakiki lugha ya hadithi za kijamii zenye picha zinapohamishiwa katika Kiswahili kwa ajili ya watoto wa madarasa ya awali wenye usonji. Hoja kuu ni kwamba, pasipo kuzingatia sarufi na jadi ya usimulizi ya Kiswahili, maelezo hugeuka amri, na mtoto hukosa kile ambacho hadithi ilikusudiwa kumpa.

Utanzu huu uliasisiwa mwaka 1991 na Carol Gray, mwalimu wa Marekani. Kila hadithi hueleza tukio moja la kawaida, kama vile kungoja zamu, kunawa mikono au kengele kulia: nani yupo, nini hutokea, kwa nini, na wengine huhisi nini. Gray alisisitiza kwamba kwa kila sentensi inayomwelekeza mtoto kuwe na sentensi za maelezo zisizopungua mbili.

Tatizo la kwanza ni la kisarufi. “Tunanawa mikono kabla ya kunywa uji” ni maelezo. “Tunawe mikono” ni agizo. Kiambishi tamati -e, sawa na “lazima” na “usi-”, humvuta mfasiri kwa kuwa ndiyo lugha iliyozoeleka darasani. Kiambishi hu- kinaonekana kuwa suluhisho, maana hudokeza mazoea, lakini hakibebi nafsi: “Husubiri zamu” haisemi ni nani. Kwa kuwa watoto wengi wenye usonji hutatizwa na viwakilishi vya nafsi, ni heri jina la mtoto litajwe waziwazi.

Tatizo la pili ni la kifani. Neno “hadithi” huja na paukwa na pakawa, Sungura mjanja, Fisi mlafi na adili mwishoni. Mtoto anayepokea maneno kama yalivyo huenda asivuke kutoka kwa Sungura hadi kwake mwenyewe. Baya zaidi, “Mtoto mwema husubiri” ni hukumu: aliyeziba masikio na kulia kwa sababu ya kishindo cha kengele anaambiwa kwamba si mwema.

Tatu, kwa asiyejua kusoma, picha ndiyo matini. Anayenawa kwa kibuyu chirizi haelekezwi kwa mchoro wa sinki. Vivyo hivyo, mtoto wa Goma aliyelelewa katika Kiswahili cha mji wake anahitaji neno analolisikia kwa mwalimu wake, hata kama si la Kiswahili sanifu.

Haya yana uzito wa kisera. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2024, lililohusu watoto wa miaka 4 hadi 11, halikuonyesha mabadiliko ya maana katika uwezo wa jumla wa kijamii. Hata hivyo, waliosomewa hadithi hizi walifikia mara nyingi zaidi lengo mahususi waliloandikiwa. Ingawa umri huo unavuka ule wa awali, funzo liko wazi: nguvu ya hadithi imo katika umahususi wake.

Kwa hiyo, kuchapisha kitabu kimoja kilichotafsiriwa na kukisambaza kanda nzima ni kupoteza fedha. Kinachofaa ni mwongozo mfupi wa uandishi wenye mifano ya sentensi za Kiswahili, pamoja na mafunzo yatakayomwezesha mwalimu kuandika kurasa chache kuhusu mtoto anayemjua.