Walezi wa Lwiro

Nyuma ya kila mtoto wa sokwe anayeuzwa barabarani kuna mama aliyeuawa, na mara nyingi jamaa wengine waliojaribu kumtetea. Ndiyo maana nawapongeza kwa moyo wote watu wa Lwiro, kule Kabare, mashariki mwa Kongo. Tangu 2002 wanawapokea yatima hao katika kituo kilichoanzishwa na ICCN, taasisi ya serikali ya kuhifadhi wanyamapori, pamoja na CRSN, taasisi ya utafiti.

Kazi yenyewe ni malezi hasa. Mtoto huingia na kidonda cha kamba kiunoni, minyoo tumboni na woga machoni. Kwanza anatengwa na kupimwa magonjwa. Kisha mama mlezi anambeba kifuani kutwa nzima, akimpa maziwa kwa chupa, kwa sababu sokwe mchanga asiyekumbatiwa anaweza kufa hata akiwa ameshiba. Akipata nguvu anazoeshwa kwa wenzake polepole, mpaka kundi limkubali. Sasa sokwe wa Lwiro wamezidi 100, mbali na kima. Na sokwe anaweza kuishi miaka 50: piga hesabu ya ndizi, dawa na mishahara!

Sisi wa Uvira tuna milima ya Itombwe juu yetu, na sokwe wangali humo. Anayetaka kuisaidia Lwiro achange, naam. Lakini zaidi ya yote asinunue mtoto wa mnyama kwa kumwonea huruma, maana pesa hiyo humrudisha mwindaji msituni. Badala yake awaarifu ICCN. Sheria ya Februari 2014 ya kuhifadhi maumbile ya asili iko upande wake.