Sanamu za Shimoni, Mkunazini

Watu wengi wakisikia neno sanamu hudhani ya kuwa ni pambo la kupendeza macho, au ni mtu mkuu aliyeinuliwa juu ya jiwe. Sanamu ya namna hiyo iko Dar es Salaam, yaani ile ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Askari yule ni wa shaba, naye ameshika bunduki yenye singe. Apitaye humtazama kwa kuinua macho. Leo twataka kuwaeleza wasomaji habari za sanamu nyingine, ambazo mtu hawezi kuzitazama ila kwa kuinamisha macho.

Sanamu hizi zimo Unguja mjini, mtaa wa Mkunazini, katika kiwanja cha Kanisa Kuu la Kristo. Hapo palikuwa soko la watumwa, hata Sultani Barghash alipolifunga mwaka 1873. Mwaka ule ule ukawekwa msingi wa kanisa, na Askofu Edward Steere akausimamia ujenzi wake. Sanamu zilifanywa mwaka 1998 na Clara Sörnäs, mwanamke wa Uswidi. Ni watu watano waliosimama shimoni, na shingoni wamefungwa mnyororo wa chuma.

Mwenzetu mmoja alipoziona alinung'unika, akasema, "Mbona hazina uzuri? Miili ni mizito, na nyuso hazikulainishwa." Ni kweli. Lakini twaona ya kuwa fundi alifanya vema. Kama angaliwachonga wenye sura za kupendeza, tungalisifu mkono wake, tukasahau mnyororo. Tena hawalii wala hawatuombi huruma. Wamesimama tu, kama watu waliokwisha kungoja siku nyingi.

Lakini jambo kubwa katika kazi hii ni lile shimo. Tuliposimama ukingoni tukitazama chini, tukapima kwa macho nani ni mrefu na nani ana nguvu, mara tuliona haya. Kumbe tulikuwa tumesimama pale aliposimama mnunuzi! Fundi hakumchonga muuzaji wala mnunuzi. Mahali pao amepaacha wazi, na kila mgeni ajaye hupajaza bila kujua. Tuliwaona vijana wakipiga picha na kucheka pale pale. Hatukuwakemea, maana sisi wenyewe tulikuwa tumetangulia kuwatazama watu wale kama bidhaa.

Hata hivyo tuna neno moja la kupunguza sifa. Mtu akiziona sanamu tu, aweza kudhani ya kuwa utumwa ulikwisha soko lilipofungwa. Sivyo. Sheria ya kuuondoa utumwa Unguja ilitoka mwaka 1897, yaani miaka 24 baadaye, na katika miaka hiyo watumwa waliendelea kulima mashamba ya karafuu. Wala biashara ile haikuwa ya watu wa pwani peke yao. Wengi waliotoka upande wa Ziwa Nyasa na kupitia Kilwa waliuzwa kwanza na watu wa bara, pengine na jirani zao.

Kwa hiyo, msomaji ukijaliwa kufika Unguja, usipite upesi. Nenda na watoto wako. Wakikuuliza, "Hawa ni nani?" wajibu, kisha waulize na wao, "Na sisi hapa juu tumesimama mahali pa nani?"