Masikio ya Shangazi

Shangazi yangu wa Konde, Pemba, alilala kwa sikio moja. La pili alikiachia kizimba cha kuku kilichoko uani. Usiku wa kipupwe, kusi ikivuma na manyunyu yakigonga makuti, alijinyanyua kitandani bila ya kuamshwa na mtu. "Wanalia baridi hao," alisema, na sisi watoto tuliolala mkekani hatujasikia kitu. Alijitanda kanga, akachukua kandili, akatoka. Punde tulisikia kigae kikikwaruza mdomo wa chungu, kisha kimya, kisha nyayo zake zikirudi.

Nilikuwa mtu mzima ndipo nilipofahamu alichokuwa akikisikia. Kifaranga mwenye baridi hulia kwa sauti ya juu, ndefu, isiyopumzika, na wenziwe wakaitikia hata kizimba chote kikawa kilio kimoja. Aliyeshiba na kupata joto lake hunong'ona; sauti ndogo zinazokatikakatika, kama mtu anayehesabu peke yake. Lakini shangazi alikiogopa zaidi kimya. Wakinyamaza ghafla, alitoka mbio, kwani huenda joto limezidi na wamejibanza pembeni, midomo wazi, mbawa zimening'inia, au wamerundikana wao kwa wao na wa chini wanakosa pumzi. Sauti tatu, na kila moja na dawa yake. Hakufundishwa darasani. Alikaa nao tu, miaka na miaka, mpaka wakawa wanamwambia.

Vifaranga aliowakesha walikuwa wale wasio na mama. Msitu wa Ngezi hauko mbali na Konde, na ngawa hutembea usiku. Koo aliyejitamilia kichakani asubuhi hukutwa manyoya tu. Mayai yakiwa bado yana uvuguvugu, shangazi aliyagawa chini ya makoo wengine, kila yai amelitia alama ya mkaa asije akalichanganya na yaliyotagwa jana. Siku ya saba aliyapima kwa kandili: yai ndani ya kiganja kilichokunjwa, mwanga nyuma yake, jicho moja limefumbwa. Lenye mishipa myekundu kama mizizi hurudi chini ya koo. Jeupe tupu au lenye wingu la viza hutolewa. Siku 21 zikitimia na mama hayupo, mama ni chungu.

Nataka kukieleza chungu hicho, kwa sababu sijakiona tena popote. Kilikuwa kikuukuu cha kupikia, mdomo umemeguka, hakifai tena kwa wali. Ndani yake alitia jivu, juu ya jivu makaa ya vifuu vya nazi, juu ya makaa jivu tena, akafunika kwa kigae alichokitoboa. Makaa yaliyofukiwa namna ile hayawaki wala hayazimi. Yanapumua mpaka alfajiri. Chungu kilizungushiwa mawe ili kifaranga asikiguse, na makapi ya mpunga ya kulalia yaliishia hatua moja kabla ya mawe, kwani moto una miguu. Na mkaa mweusi haukuingia ndani. Uliwashwa nje, ukaachwa ukawa mwekundu na kupata ukungu mweupe, ndipo ukabebwa. Hata hapo hakuziba pengo lililokuwa juu, baina ya ukuta wa udongo na makuti. Hewa ya makaa haionekani wala haina harufu, na huua. Mlango wa kizimba alikuwa ameuelekeza machweo, kusi isiwapige vifaranga na kaskazi isiwakute. Maji yao yalikuwa katika kifuu chenye vijiwe ndani, wasije wakazama. Chakula kilikuwa chenga za mchele, machicha ya nazi, na mchwa aliowatega shambani.

Vitabu vya ufugaji vinasema kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na kwamba lipunguzwe kama nyuzi 3 kila wiki mpaka aote manyoya. Shangazi hakuwa na kipimajoto. Aliweka mgongo wa kiganja juu ya makapi akaacha kidogo, kama unavyopima homa ya mtoto. Nimesoma kwamba Misri, kwenye matanuri ya udongo ya kuangulia mayai yaliyotumika tangu kale, mafundi walipima joto kwa kuligusisha yai kwenye kope la jicho. Niliposoma hayo nilimkumbuka, nikaona kwamba ujuzi wake ulikuwa na ndugu mbali.

Mwaka 2010 waya wa umeme uliopita chini ya bahari kutoka Tanga ulitufikia Pemba, na mashine za dizeli za Wesha zikapumzika. Tulishukuru, na mimi bado nashukuru. Kwenye mabanda zikaning'inizwa taa za tungi, zile za wati 60 na 100, ambazo karibu umeme wote ziliugeuza joto. Ziliunguza mkono, na penye waya uliofungwa kwa kitambaa chini ya makuti makavu ziliunguza banda zima; lakini kifaranga alipata joto. Kisha zikaja taa za LED. Zina nuru nyingi, umeme kidogo, joto karibu na hakuna.

Mjukuu wa shangazi, kijana msikivu, alinipokea mwaka jana kwa furaha anionyeshe vifaranga wake 50, wa siku tatu, ndani ya boksi. Taa ilikuwa inang'aa hata macho yanauma. Vifaranga walikuwa wamerundikana kona moja. Nilipowatenganisha, chini ya rundo walikuwamo saba waliokwisha kukauka.

"Lakini ami, taa ilikuwa inawaka usiku kucha," aliniambia.

Ilikuwa inawaka kweli. Hakuna aliyemwambia kwamba nuru na joto ni vitu viwili, na mwenye kumwambia yuko kaburini. Wala hakujua kwamba nuru kali isiyozimwa huwafanya kuku wadonoane hata damu. Wafugaji wa Ulaya huongeza taa wakati wa baridi, siku zao zikiwa fupi, ili kuku apate saa 14 au zaidi za mwanga asiache kutaga. Sisi tuko nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, mchana wetu haupungui wala hauzidi sana mwaka mzima. Kuku wa Pemba anahitaji giza lake alale.

Na enzi za shangazi ilikuwepo sheria, ingawa haikubandikwa ukutani. Karafuu zikianikwa kwenye majamvi, hakuna kuku anayeachiwa. Kuku mmoja akiparura hutawanya jasho la wiki nzima la mchumaji, na zenye uchafu haziuziki kwa bei yake. Kuku aliyetoka gulioni hufungwa kamba mguuni, mbali na wenziwe, siku kadhaa, mpaka ajulikane ni mzima. Ugonjwa wa kideri ukiingia kijijini, mwenye wagonjwa hawauzi wala hawatoi zawadi. Ugomvi wa kuku na mboga za jirani ulimalizika kwa sheha, mara nyingi hata kabla ya kufika kwake. Leo anayeona kuku wawili wamepinda shingo huwakimbiza sokoni alfajiri, na kideri kinapanda daladala pamoja nao. Chanjo ipo. Ile ya I-2, yenye asili ya Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia na ambayo hutengenezwa Tanzania, hustahimili joto kuliko za zamani: tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3 au 4. Inataka majirani wote waamke alfajiri moja, kuku wakiwa bado hawajafunguliwa. Kuamka huko ndiko kuliko kugumu siku hizi.

Usiku ule nililala kwa mjukuu. Nilimwonyesha namna ya kupunguza nafasi ya boksi na kulifunika nusu kwa gunia, tukatafuta taa ya zamani, tukaipata kwa jirani, tukaifunga kwa mnyororo badala ya kuitundika kwa waya wake. Vifaranga wakatulia, wakaanza kunong'ona. Saa nane umeme ukakatika.

Niliwasikia mara moja. Nikatoka, nikatafuta jivu uani, sikuliona. Nikaingia jikoni kutafuta kaa lolote. Jiko ni la gesi, sakafu imepigwa marumaru, safi. Nikachemsha maji, nikayatia kwenye chupa nne za plastiki yalipopoa kiasi, nikazivingirisha kanga ya shangazi iliyokuwa ingali kwenye kamba ya chumbani, nikazipanga katikati yao. Nikakaa juu ya ndoo, gizani, nikisikiliza kilio kikishuka kidogo kidogo, na ngoma za masikio zikiniuma kwa kutega. Nikayabadilisha maji mara mbili kabla ya adhana.

Chumba cha pili kijana alikuwa amelala. Hakuwa amesikia kitu.